Mihadhara na Maonesho ya Majengo ya Kale ya Mikindani na Lindi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Mihadhara na maonesho haya yanahusu nini hasa?

Yanahusu majengo yenyewe: namna yalivyojengwa, walioyajenga, kazi ambazo yamefanya tangu wakati huo, na mambo yanayoweza kufanywa leo ili yaendelee kusimama na kukaliwa na watu. Eneo tunaloshughulika nalo zaidi ni Mikindani, mji wa kale ulio kando ya ghuba, kilomita zipatazo 10 kutoka Mtwara mjini ukielekea Lindi. Hapo bado zipo nyumba za mawe ya matumbawe zenye baraza za nje na milango ya nakshi, pamoja na nyumba za ghorofa za wafanyabiashara zenye roshani za mbao. Mjini Lindi tunazungumzia boma la Wajerumani lililobaki gofu karibu na bahari, mnara wa zama za Waarabu, na maduka ya zamani ya katikati ya mji.

Kwa nini Mikindani na Lindi, wakati Kilwa ndiyo inayojulikana duniani?

Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yaliingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1981, yakawekwa katika orodha ya maeneo yaliyo hatarini mwaka 2004, na yakaondolewa humo mwaka 2014 baada ya kazi kubwa ya kuimarisha kuta na kupambana na mmomonyoko wa fukwe. Kilwa ina watetezi wake, na inastahili. Mikindani na Lindi ni suala la namna nyingine, kwa sababu hapa hatuzungumzii magofu yaliyozungushiwa mipaka na kulindwa na walinzi. Tunazungumzia nyumba ambazo mama anapika ndani yake, duka linalouza sukari na mafuta ya taa, na ukuta ambao mwenye nyumba akiamua kuubomoa asubuhi, jioni hauonekani tena. Jengo la namna hiyo haliwezi kulindwa na kibao cha onyo. Linalindwa na uelewa wa anayeishi ndani yake na ujuzi wa fundi anayeitwa kulitengeneza, na ndiyo maana tunaona mihadhara ya wazi inahitajika hapa kuliko mahali pengine popote katika mikoa hii miwili.

Mtwara mjini ni mji mpya. Una nini cha kuhifadhi?

Una mengi, ingawa si ya kale. Mtwara ya leo ilianza kupangwa mwishoni mwa miaka ya 1940, serikali ya kikoloni ya Uingereza ilipotaka bandari ya kina kirefu kwa ajili ya Mpango wa Karanga, yaani mradi wake wa kulima mashamba makubwa ya karanga. Reli ilijengwa kuelekea Nachingwea, barabara pana zikachorwa kwa kutarajia mji mkubwa, kisha mpango wenyewe ukaachwa mwaka 1951 na reli ikang'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Mgeni anayeshangaa kwa nini maeneo ya Mtwara yako mbalimbali na barabara zake ni pana kuliko wingi wa magari anapata jibu lake katika historia hiyo. Majengo ya miaka ya 1950 hayana nakshi za milango, lakini yana vivuli virefu, madirisha yanayopitisha upepo kutoka upande mmoja hadi mwingine, na veranda zilizofikiriwa vizuri kwa joto la pwani. Anayejenga leo nyumba yenye madirisha madogo ya vioo na kisha kulipia umeme wa kiyoyozi angefaidika kwa kuyatazama.

Kwa nini mihadhara mingi hufanyika barazani badala ya ukumbini?

Kwa sababu baraza ndiyo sehemu ya nyumba ya Kiswahili iliyojengwa kwa ajili ya mazungumzo. Ni benchi la mawe lililoshikana na ukuta wa mbele, mahali ambapo mgeni asiyefaa kuingizwa ndani hukaribishwa, biashara hupatanwa na habari husikika. Mzungumzaji anayeeleza unene wa ukuta huku ameuegemea anaeleweka haraka kuliko anayeonesha picha kwenye kitambaa cheupe. Kuna sababu nyingine, nayo kwetu ni nzito zaidi: ukumbi wa hoteli au wa ofisi huwavuta watu wa aina moja tu, ilhali barazani hupita mvuvi, mwenye duka, mwanafunzi na bibi anayetoka msibani, na kila mmoja anaweza kusimama, kusikiliza na kuuliza. Tunamwomba ruhusa mwenye nyumba mapema na kuitaarifu serikali ya mtaa, na hatukai kwenye baraza la mtu bila yeye mwenyewe au jamaa yake kuwepo.

Nani huzungumza? Lazima awe msomi?

Si lazima, na tungependa wasomi wasiwe peke yao. Wasanifu majengo na wanaakiolojia wana mchango mkubwa, hasa wa kupima, kuchora na kutambua umri wa jengo. Hata hivyo, mzee aliyewahi kuchoma chokaa, fundi mwashi aliyejifunza kupiga lipu kwa baba yake, na seremala anayejua kuchonga fremu ya mlango wana elimu ambayo haikuandikwa mahali popote. Tunapendelea kuwaweka pamoja: msanifu aeleze mzigo wa dari unavyoteremka ukutani, kisha fundi aoneshe kwa mikono yake. Tunasisitiza kwamba fundi alipwe posho ileile anayolipwa msomi. Kumwalika mzee, kumpiga picha nyingi na kumrudisha nyumbani kwa soda moja ni kumdharau, na mtindo huo umezoeleka mno.

Kwa nini kila mara mnarudi kwenye chokaa? Saruji ina kosa gani?

Hili ndilo swali linaloulizwa kuliko yote, na jibu lake ndilo linaloamua kama nyumba ya kale itaishi au itakufa, kwa hiyo tunalijibu kwa urefu.

Kuta za nyumba za kale za pwani zimejengwa kwa mawe ya matumbawe yaliyoshikanishwa kwa udongo mwekundu, mchanga na chokaa, kisha zikapigwa lipu ya chokaa. Jiwe la matumbawe lina vitundu vingi, nalo huvuta maji kutoka ardhini na unyevu kutoka hewani, hasa ukizingatia kwamba nyumba nyingi za Mikindani ziko hatua chache tu kutoka majini. Ukuta wa namna hii hunywa maji wakati wa mvua na kuyatoa wakati wa jua. Lipu ya chokaa nayo ina vitundu, kwa hiyo unyevu hupita, hukauka, na chumvi iliyokuja na maji hujitokeza juu ya lipu kama unga mweupe. Lipu hiyo huchakaa baada ya miaka, hubanduliwa, na nyingine hupigwa. Ukuta wenyewe hubaki mzima.

Sasa fikiria fundi amepiga saruji juu ya ukuta huo. Saruji ni ngumu na haipitishi unyevu ipasavyo. Kwa mwaka wa kwanza na wa pili nyumba hupendeza, na mwenye nyumba hufurahi kwamba amemaliza kazi. Kumbe maji yanayopanda kutoka ardhini hayana pa kutokea. Chumvi hujikusanya nyuma ya saruji na kuganda ndani ya vitundu vya jiwe, ikilisukuma na kulimenya kidogo kidogo. Udongo ulioshika mawe hulainika. Siku saruji inapopasuka na kuanguka, huanguka ikiwa vibamba vizima, na kila kibamba kimeshikilia vipande vya jiwe mgongoni mwake. Ukikigeuza kibamba kama hicho utaona mwenyewe: upande wa mbele ni laini na mgumu, upande wa nyuma umejaa punje za matumbawe yaliyosagika, na ukiyaramba yana chumvi. Huwa tunaweka vibamba vya namna hiyo mezani kwenye maonesho ili kila anayetaka avishike, kwa kuwa vinashawishi kuliko hotuba yoyote.

Chokaa ina tabia yake nyingine ambayo wengi hawaijui. Jiwe likichomwa katika joto la nyuzi 900 hivi hutoa hewa ya kaboni na kubaki chokaa kali, ambayo ikitiwa maji huchemka yenyewe na kuwa uji mzito. Uji huo ukipigwa ukutani hufyonza tena polepole hewa ileile ya kaboni iliyotoka na kugeuka tena kuwa kama jiwe. Ndiyo sababu fundi wa chokaa hana haraka: hupiga tabaka jembamba, huacha likaze, huliloweka kidogo lisikauke kwa jua kali, kisha hupiga jingine. Anayetaka kazi ya siku mbili hawezi kuitumia.

Hatusemi saruji ni mbaya kila mahali. Kwenye nyumba ya matofali ya leo ina nafasi yake. Tunasema isiguse ukuta wa matumbawe.

Je, mnapoonesha uchomaji wa chokaa hamharibu bahari na mikoko?

Mwenye kuuliza hivi ana haki kabisa. Katika pwani yetu matumbawe hai yamechimbwa baharini kwa ajili ya chokaa, ghuba ya Mikindani ikiwemo, na hasara yake wavuvi wanaifahamu: samaki hukosa makazi na mawimbi hufika ufukweni yakiwa na nguvu zaidi. Mashariki ya Mtwara kuna Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyoanzishwa mwaka 2000, na haingekuwa na maana kulinda nyumba kwa kuua kile kinachohifadhiwa pale. Kwa sababu hiyo, katika maonesho hatutumii kabisa matumbawe yaliyotolewa majini. Tunatumia mawe ya kale ya nchi kavu, na mara nyingi zaidi mawe na kifusi kutoka kuta zilizokwisha anguka.

Kuhusu boriti, yaani miti ya mikoko inayobeba dari, mikoko ni misitu inayolindwa na serikali, na ukataji wake unahitaji kibali cha Wakala wa Huduma za Misitu. Inafaa kujua kwamba boriti ndizo zilizoamua umbo la nyumba za Waswahili: kwa kuwa mti wa mkoko ulionyooka haufai kuvuka nafasi kubwa, vyumba vilijengwa vyembamba na virefu, upana wa mita mbili na nusu hadi tatu hivi. Boriti iliyooza kwenye ncha tu inaweza kukatwa na kuungwa, na tunawahimiza mafundi wajaribu hilo kabla ya kutafuta mti mpya.

Sheria inasemaje kuhusu nyumba yangu?

Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, pamoja na marekebisho yake ya mwaka 1979, inalilinda jengo lolote lililojengwa kabla ya mwaka 1863, hata kama halijatangazwa. Waziri mwenye dhamana anaweza pia kutangaza majengo mapya zaidi ya hapo kuwa kumbukumbu, au eneo zima kuwa la hifadhi. Anayetaka kubomoa, kubadili au kuchimba mahali penye ulinzi huo anapaswa kwanza kupata kibali kupitia Idara ya Mambo ya Kale, iliyo chini ya Wizara ya Maliasili na Utalii. Ofisi ya utamaduni ya halmashauri yako itakuelekeza pa kuanzia, na ni bora kwenda kuuliza kabla nyundo haijaanza kazi.

Mtu amekuja kutaka kununua mlango wa nakshi wa nyumba yetu. Tuuze?

Tunakuomba usiuze, na tunakuomba ujue sheria. Mlango au fremu ya mbao iliyochongwa nchini kwa mtindo wa Kiafrika au wa Mashariki kabla ya mwaka 1940 ni kitu kinacholindwa, na kukisafirisha nje ya nchi bila leseni ni kosa. Mlango uking'olewa, nyumba hupoteza zaidi ya urembo. Fremu nzito ya zamani imeshikana na ukuta na husaidia kubeba uzito ulio juu yake, kwa hiyo kuitoa kwa tindo usiku mmoja huacha ufa unaoendelea hadi darini. Tunaelewa kwamba pesa inayotajwa huja wakati wa shida, karo ikidaiwa au mgonjwa akiwa hospitali. Ikiwa hali ndiyo hiyo, zungumza na jamaa wote wenye haki katika nyumba, kwani nyumba nyingi za Mikindani ni za urithi wa watu wengi, na mmoja hawezi kuuza mlango wa wote.

Mnazungumziaje biashara ya watumwa na utawala wa Wajerumani?

Waziwazi. Mikindani na Lindi zilikuwa milango ya misafara iliyotoka bara, hadi upande wa Ziwa Nyasa, ikileta pembe za ndovu na watu waliotekwa. Mkataba wa mwaka 1873 kati ya Sultani Barghash wa Zanzibar na Uingereza ulipiga marufuku biashara ya watumwa baharini, lakini utumwa wenyewe ulikuja kufutwa kisheria Tanganyika mwaka 1922. Maana yake ni kwamba wapo miongoni mwetu watu ambao bibi au babu wa wazazi wao aliishi chini yake, ama kwa upande wa aliyemiliki ama kwa upande wa aliyemilikiwa. Maonesho yanayosifu roshani za tajiri bila kutaja nani alibeba mawe yake ni maonesho pungufu. Vilevile, boma la Mikindani lililojengwa mwaka 1895 ni jengo zuri kwa macho, nasi tunalisifu ujenzi wake, lakini lilijengwa kutawala watu walioupinga utawala huo kwa silaha tangu mwaka 1888, na miaka kumi baada ya kujengwa kwake vita vya Majimaji viliwaka kusini yote. Tunasema yote mawili katika kibao kimoja.

Tunachokwepa ni kumnyooshea kidole mtu aliye hai kwa ajili ya ukoo wake. Mwenyekiti wa mhadhara ana wajibu wa kusimamisha maneno ya namna hiyo mara moja.

Je, ni kweli Livingstone alilala katika nyumba yenye kibao chake?

Lililo hakika ni kwamba David Livingstone, mmisionari na mpelelezi kutoka Uskoti, alipitia ghuba ya Mikindani mwaka 1866, akaanza hapa safari yake ya mwisho ya kwenda bara. Kuhusu nyumba fulani na chumba fulani, hayo ni masimulizi, na katika maonesho tunayaandika kwa neno «inasemekana». Tungependa pia wageni waulize majina ya wapagazi na wenyeji wa safari ile kwa shauku ileile.

Kwa nini mnalitumia jengo linaloitwa soko la watumwa la Mikindani kama mfano wa kujifunza?

Kwa sababu linaonesha kwamba ukarabati unaweza kuhifadhi jengo na kulipotezea sura yake kwa wakati mmoja. Jengo hilo lilikuwa na matao yaliyo wazi, na wakati wa kulitengeneza matao hayo yalizibwa. Leo limesimama na linatumika, jambo ambalo ni heri kuliko gofu, lakini anayelitazama haoni tena jinsi upepo na mwanga ulivyopita ndani yake. Boma la Mikindani, kwa upande wake, lilifufuliwa na shirika la hisani kutoka Uingereza kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1990, likawa hoteli inayofundisha vijana kazi, na umbo lake la awali linaonekana. Kuyatazama majengo haya mawili kwa siku moja, kwa mwendo wa dakika chache kwa miguu, ni somo ambalo hatujaweza kulitoa kwa njia nyingine.

Picha za zamani mnazipata wapi, na zinaoneshwaje?

Nyingi ziko kwenye makabati ya familia. Nyingine ziko katika Nyaraka za Taifa jijini Dar es Salaam, na zipo za zama za Wajerumani katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Frankfurt, ambazo zimewekwa kwenye intaneti. Tunaonesha nakala tu; picha halisi hairuhusiwi kutoka nyumbani kwa mwenyewe zaidi ya muda wa kuinakili. Maelezo huandikwa kwa Kiswahili kwanza, kwa herufi kubwa zinazosomeka na mzee asiye na miwani. Hakuna picha inayopigiliwa msumari kwenye ukuta wa kale, kwani msumari hung'oa lipu na kuingiza maji: picha hutundikwa kwenye kamba au kusimamishwa kwenye vigingi vya mbao, zikiachwa nafasi na ukuta ili unyevu usizivimbishe. Picha za wakoloni zinazowadhalilisha watu hatuzioneshi kwa sababu tu ni za zamani.

Kuna kiingilio?

Hakuna.

Mihadhara hufanyika lini?

Baada ya swala ya Alasiri, na huisha kabla ya Magharibi. Tunaepuka mwezi wa Ramadhani, miezi ya mvua kuanzia Desemba hadi Aprili, na kilele cha msimu wa korosho, ambapo watu wengi wako mashambani au ghalani. Inayobaki bora ni miezi ya Juni hadi Agosti, upepo wa kusi ukivuma na jua likiwa la kuvumilika. Tukiweza, huwa na jambo dogo pia tarehe 18 Aprili, Siku ya Kimataifa ya Kumbukumbu na Maeneo ya Kihistoria, na tarehe 18 Mei, Siku ya Makumbusho Duniani.

Mwalimu anaweza kuleta wanafunzi?

Anaweza, na tunamwomba asilete zaidi ya darasa moja kwa mara moja. Watoto hupewa mawe, chokaa iliyokwisha poa na mchanga, nao hujenga ukuta mfupi. Chokaa kali inayochemka hawaikaribii, kwa sababu inaunguza ngozi na kupofusha macho. Mwalimu wa hisabati aje pia, kwa kuwa kupima upana wa chumba na kukisia urefu wa boriti ni somo lake.

Je, kuna miji mingine Tanzania inayofanya hivi?

Ipo. Dar es Salaam kuna kituo cha urithi wa usanifu majengo katika Boma la Kale la zama za Sultani Majid wa Zanzibar, chenye maonesho na matembezi ya katikati ya mji. Zanzibar kuna mamlaka maalumu ya Mji Mkongwe tangu mwaka 1985, na mji huo uliingia katika Urithi wa Dunia mwaka 2000. Tunajifunza kwao, ingawa hatuna watalii wengi kama wao, na pengine hilo linatupa nafasi ya kuzungumza na wenyeji kwanza.

Nina picha, hati au kumbukumbu ya nyumba ya wazee wetu. Nifanye nini?

Nyuma ya picha, kwa penseli na si kwa kalamu ya wino, andika jina la nyumba, mtaa, mwaka kama unaujua, na majina ya waliomo. Usiitie kwenye karatasi ya nailoni inayobana unyevu. Ifunge kwenye karatasi safi ndani ya bahasha. Kisha uje nayo kwenye mhadhara wowote, ukiambatana na mkubwa wa familia kama yupo na anaweza kutembea. Kama hawezi, tuambie tu, nasi tutamfuata nyumbani.